Tumbo Halina Pindo

3 Februari

Mwanangu Kipaza,

Marahaba, kwa ile shikamoo uliyoiandika pembeni mwa barua kama mtu aliyeikumbuka akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Mimi mzima. Nyonga inauma asubuhi, mchana inasahau. Masikio ndiyo yale yale, kelele za cherehani zimeyala yote. Jana mteja aligonga mlango mpaka akachoka, akaja kunichungulia dirishani, nami nikapiga yowe nikidhani mwizi. Tuliombana radhi, yeye nje, mimi ndani.

Vipimo nimevipata. Nimevisoma, nikavaa miwani nikavisoma tena. Kiuno kimepungua kiasi hicho tangu upasuaji? Nilichukua futi yangu nikaikunjua mezani nione ni upana gani, nikakaa chini. Baba yako angekuwepo angesema nimekosea kusoma. Yeye sukari ilimla kidole, ikamla mguu, ikammaliza, na wewe ulikuwa unamfuata nyuma kwa unene ule ule na sukari ile ile, mimi natazama tu. Ndiyo maana uliponiambia kwamba watakata sehemu kubwa ya mfuko wa tumbo wakubakizie kijimfuko chembamba kama ndizi, sikubisha. Nililia, lakini sikubisha.

Sasa nakushonea nguo za kike, si mapazia. Gauni hili la bluu lina mkanda mpana wa kitambaa hicho hicho. Ukaze vizuri, ukae juu kidogo ya kitovu, watu waone kwamba una kiuno. Usije ukaliacha linaning'inia kama nguo ya kuazima. Abiria wakikusikia unatangaza treni hawakuoni, lakini wenzako wa stesheni wakuone.

Wanasema sauti yako inafika mpaka barabarani. Mimi niliyekupa jina hilo la Kipaza ndiye pekee nisiyeisikia.

Mama yako,
Fundi


12 Februari

Mama, shikamoo. Leo nimeiweka juu kabisa, usinitanie tena.

Gauni limefika, na limenikaa! Dada wa dirisha la tiketi alinizungusha kama sanamu ya dukani, akataka kujua fundi huyo anapatikana wapi. Nikamwambia fundi huyo haazimwi. Mkanda nimeukaza kama ulivyoagiza.

Sukari ni safi. Daktari ameniondolea vidonge vyote vya sukari, akanipa vingine vidogo vya tumbo, vya kawaida tu, wanapewa wote waliopasuliwa. Nakula kidogo kidogo. Yai moja la kuchemsha linanishibisha asubuhi nzima, nalitafuna kama mzee asiye na meno. Kitanda nimekiinua upande wa kichwani kwa matofali. Usiulize, ndiyo mtindo wa siku hizi.

Sauti ipo. Wiki hii nina mafua kidogo, kwa hiyo mwenzangu ananisaidia kutangaza treni za mchana.

Ungekuwa na simu tungeongea kila siku. Najua, najua: sauti yake huisikii, na maandishi yake ni madogo kama mayai ya chawa. Basi nitaendelea kukuandikia kwa herufi kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mwanao,
Kipaza


21 Februari

Kipaza,

Hayo mafua ni ya namna gani? Barua yako ya kabla ya hii ulikuwa na mafua, na ile ya mwezi wa kumi na mbili pia. Funga dirisha la chumbani.

Nimekutumia magauni mengine mawili, yote na mikanda. La kijani nimelibana zaidi. Ulivyokuwa mdogo ulikuwa unalia ukipita mbele ya kioo cha duka, nami nakuvuta mkono twende. Nimelishona lile la kijani nikiwaza kioo kile.

Jirani anasafiri kwenda kumwona mwanawe, na treni yake itashusha abiria hapo stesheni kwako. Nimemwambia akae kwenye benchi, asikilize unavyotangaza, aje anisimulie neno kwa neno. Siku hizi nakusikia kwa masikio ya kuazima. Kasoro yake ni kwamba masikio yale yana mdomo. Ndiyo maana nakataa habari zetu zipite kwenye simu yake. Likiingia neno pale, soko zima limelipata kabla hajaniita.

Mama yako


1 Machi

Mama, shikamoo.

Naandika haraka, kazi imenibana. Magauni yamefika, yote mawili ni mazuri mno, nayavaa kwa zamu. Mwambie Jirani asijisumbue kunitafuta. Stesheni ina watu wengi siku hizi, na zamu zetu zimebadilishwa badilishwa.

Nitaandika vizuri wiki ijayo.

Kipaza


13 Machi

Wewe mtoto,

Wiki ijayo imepita. Jirani amerudi.

Anasema aliyetangaza treni alikuwa mwanamume. Akakaa, ikatangazwa nyingine, mwanamume yule yule. Akauliza, akaelekezwa chumba cha kuhifadhi mizigo. Anasema alikukuta nyuma ya masanduku ya watu, umeinamia pipa la takataka na kitambaa mdomoni, na mkanda wa gauni langu la kijani umefunguliwa umelala sakafuni. Ukamsalimia kwa sauti ya mlango unaokwaruza. Halafu ukamwomba asiniambie!

Umwombe Jirani asiseme? Wewe na akili zako zote? Alinisimulia wateja wakiwa wamekaa, tena kwa kupiga kelele ili nisikie. Aliyekuja kupunguziwa suruali ameondoka na habari zako kabla ya suruali yake.

Nimekasirika, lakini zaidi naogopa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Una nini? Ni mimba? Ni saratani? Walikukosea kule ndani? Baba yako naye alinificha kidole kile mpaka kikanuka. Nilipokizika kile kidole niliapa sitafichwa tena na mtu wa nyumbani mwangu. Sema.

Mama yako


22 Machi

Mama, shikamoo.

Soma hii ukiwa umekaa, na Jirani asiwepo.

Ni kiungulia. Ukilisoma hilo neno utaguna, maana kiungulia nani hajakipata? Mtu anakula vibaya, anakunywa maziwa, anaenda zake. Changu hakiendi. Kijimfuko walichonibakizia ni chembamba na kimebana, na asidi ikikosa nafasi chini inapanda juu. Nikiinama kufunga kiatu inapanda. Nikilala inapanda, ndiyo maana ya yale matofali. Nashtuka usingizini inanichoma mpaka puani, nakohoa nadhani nakufa. Sasa nalala nimekaa, nimeegemea mito, kama abiria aliyekosa treni ya mwisho.

Imeniunguza koo. Mwezi wa kwanza nilitangaza treni, abiria wakaja kugonga kioo kuuliza nimesema nini. Likatokea tena. Siku nyingine mzee mmoja alipanda treni siyo, na mke wake akabaki jukwaani na vikapu. Hapo msimamizi akaniita. Si mtu mbaya, mama. Alinimiminia maji kwenye glasi kwanza, ndipo akaniambia nihamie mizigo. Akasema nikipona kiti changu kipo. Nikasema ahsante, na hata hiyo hakuisikia vizuri.

Halafu mikanda. Nisamehe, sikutaka ujue. Mkanda ukikaa pale unapotaka ukae unanikamua kama dawa ya meno. Nilikuwa naufunga nikitoka nyumbani, nikifika kazini naufungua. Ningekuambiaje? Maisha yangu yote umenishonea nguo za kunificha. Hizi ndizo za kwanza umenishonea nionekane, na ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwako tangu baba afariki.

Usimlaumu daktari. Aliniambia mapema kwamba hali hii huwapata baadhi ya wagonjwa. Nilimsikia, lakini sikudhani anazungumza habari zangu.

Wameingiza kamera kooni. Bomba la chakula, upande wa chini, ngozi yake ya ndani imeanza kubadilika. Siyo saratani, amelisema hilo wazi. Ila likiachwa likiungua hivi miaka na miaka, linaweza kugeuka kuwa saratani. Vidonge ameviongeza, moto unapungua, hauzimi. Anashauri upasuaji wa pili: wakikate tena kile kijimfuko, wakiunganishe na utumbo mbele zaidi, asidi isipate njia ya kupanda. Wengi hupata nafuu, anasema. Nami nimeshajifunza kwamba si kila mtu huwa miongoni mwa wengi.

Sukari yangu ni safi, mama, na mguu wangu hautakatwa. Kuna saa nataka kumbusu daktari mikono na kuna saa nataka kumtupia glasi. Sijui nifanye nini. Wewe huwa unajua. Niambie.

Kipaza


30 Machi

Kwa Daktari uliyempasua binti yangu, mtangazaji wa stesheni,

Salamu nyingi. Hunijui. Mimi ni fundi cherehani, mjane, na masikio yangu ni mabovu, ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu.

Kukata nakuelewa, kwa hiyo nitakuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Kila gauni ninalokata naliachia pindo kwa ndani, ili mwenyewe akinenepa nifumue, nimwachie apumue. Na vipande vinavyobaki sivitupi. Ninavyo magunia kwa magunia, vingine ni vya watu waliokwisha kuzikwa. Huwezi kujua mtu atarudi lini.

Sasa nauliza, bila ugomvi. Kile kipande mlichokata kwa mwanangu mmekiweka wapi? Najua hospitali zina majokofu. Kama kipo, hata kama kimesinyaa, haiwezekani mfumue ule mshono mkakirudisha, walau nusu yake, apate nafasi? Na kama hakipo, chukua kwangu. Tumbo langu ni la kizee lakini halijapata kunisumbua, na chakula changu siku hizi ni kidogo.

Tafadhali usimwambie kwamba nimekuandikia. Ana haya, ingawa hajijui.

Mama yake


9 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma peke yangu na ofisi nimeifunga. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimeona wewe umeandika hivyo.

Kile kipande hatukukiweka. Kilipelekwa maabara kupimwa, kilikuwa salama, kisha kikateketezwa kama sheria inavyotaka. Na hata kingekuwepo, nyama iliyokatwa haikai ikingoja kama kitambaa. Wala tumbo lako, pamoja na upendo wote uliomo, haliwezi kuungwa kwake.

Nililokata siwezi kulirudisha. Naweza kugeuza njia ya chakula tu, kama nilivyomweleza. Nimewafanyia wagonjwa wengine na wengi wao wamepata nafuu kubwa ya kiungulia. Wachache hawakupata. Wachache zaidi walipata matatizo ya upasuaji wenyewe, na ningekuwa mwongo nikikuahidi. Kuhusu sauti, sijui.

Aliponijia mara ya kwanza, sukari yake ilikuwa inatisha. Ningemshauri vile vile leo. Lakini nakumbuka siku aliyorudi akiongea kwa kunong'ona, na sikulala vizuri.

Mwanao,
Daktari


13 Aprili

Kipaza wangu,

Nirudishie yale magauni niyatoe viuno. Wakati yako njiani, vaa hili. Halina kiuno kabisa, linaanguka kutoka mabegani mpaka chini. Ni baya. Nimeshona vitu vingi vibaya kwa kulazimishwa na wateja, lakini hili nimelishona kwa hiari yangu.

Umeniuliza ufanye nini. Nimekaa na swali hilo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu amshike. Usipokwenda, moto unaendelea kukula. Ukienda, watakata juu ya mshono, na mimi kitambaa kilichokatwa mara mbili sikiamini, kinachanika pembeni pasipotarajiwa. Nikisema nenda naogopa, nikisema usiende naogopa. Nimeuliza hata mahali ambapo sikupaswa kuuliza, na nimejibiwa kwa adabu, na jibu halinisaidii. Sina la kukuambia, mwanangu. Hilo sijawahi kuliandika kwenye barua yoyote, wala baba yako hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Nilitaka nije nikuone badala ya kukuandikia. Sikukuambia, nilitaka nikushtukize. Nilikwenda mpaka kwenye treni na kikapu changu. Nyonga ilikubali ngazi ya kwanza, ikakataa ya pili. Kondakta akanivuta, abiria wakanisukuma, nikapiga kelele ya maumivu mpaka watoto wakalia. Wakanishusha, mtu akaniletea kiti. Treni ikaondoka mbele ya macho yangu na mlango ulikuwa bado wazi.

Supu unywe ya vuguvugu, isiwe ya moto.

Mama yako


21 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua yako niliingoja kama hukumu. Nilikuwa nimejiambia: akisema nenda nitakwenda, akisema usiende sitakwenda, halafu likiharibika nitakuwa na mtu wa kumnunia. Ukanijibu kwamba hujui. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikalivaa hilo gauni baya nikalia ndani yake, maana ndiyo nguo ya kwanza kwa miezi mingi ambayo hainiumizi popote.

Nimeamua. Ni Alhamisi hii. Najua barua itakufikia mambo yakiwa yamekwisha, na sikupanga iwe hivyo. Nafasi imepatikana ghafla baada ya mgonjwa mwingine kuahirisha, na nikiisubiri nyingine nitakimbia. Usidhani mimi ni jasiri. Nimechoka tu. Nataka kulala chali. Nataka kuinama nichukue kitu kilichoanguka bila kufikiri.

Muuguzi alinijia leo kuniandikisha. Akauliza, likitokea la kutokea, apigiwe nani simu? Nikasema, mama. Akaweka kalamu sawa, akasema nitaje namba. Nikanyamaza. Akadhani sijamsikia, akarudia. Nikafikiria Jirani, nikafikiria wewe unasimuliwa hilo kwa kelele mbele ya watu wanaongoja suruali. Nikasema hapana. Nikamwambia mama yangu hana simu na hasikii, mwandikieni barua, kwa herufi kubwa. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Halafu akaandika anwani yako, polepole, akaniuliza kama ameipatia.

Kwa hiyo, mama, nikiamka salama, siku ya kwanza nitakayoweza kushika kalamu nitakuandikia mwenyewe. Bahasha ikija, tazama mwandiko kwanza.

Kipaza


6 Mei

Kipaza, mwanangu,

Barua yako ilinifikia jana, Ijumaa. Alhamisi uliyoitaja ilikuwa imepita, tena si ya jana yake bali ya wiki moja nyuma. Nimejaribu kukumbuka nilikuwa nafanya nini saa walipokuwa wanakupasua. Nilikuwa nagombana na mtu kuhusu vifungo. Sikukuombea hata neno moja, sikujua kwamba kuna la kuombea.

Nilikwenda kwa Jirani mwenyewe na miguu yangu, nikamwomba simu. Hakunicheka. Alipiga hospitali, wakapokea, wakamwambia hawatoi habari za mgonjwa kwa mtu asiye ndugu. Nikamnyang'anya simu. Nikasema mimi ndiye mama yake. Nikasema jina lako lote, nikauliza amelala wapi, anaendeleaje, nikasema tena kwa kupiga kelele, nikanyamaza, nikapiga kelele tena. Jirani akanishika bega. Anasema nilipokuwa nanyamaza alikuwa anasikia sauti ndogo ikitoka mle ndani. Walikuwa wananijibu, Kipaza. Alipoiweka kwenye sikio lake walikuwa wamekata. Tulipiga tena na tena, haikupokelewa. Yule mama nimemsema vibaya miaka yote, na jana amekaa na mimi kutwa nzima bila kufungua mdomo.

Asubuhi hii mleta barua amekuja. Mwandiko si wako.

Ni herufi kubwa, zimenyooka, za mtu aliyekuwa na subira. Bahasha iko hapa kando ya cherehani. Si nzito. Labda mkono wako una sindano ya maji, kalamu haishikiki, ukamwomba muuguzi akuandikie. Inawezekana. Nimelisema hilo kwa sauti tangu mleta barua alipoondoka, ingawa mimi mwenyewe sijisikii.

Jirani alitaka anifungulie. Nimemwambia bado. Kwanza nimalize hii, niikunje, niandike jina lako juu yake, niende nayo posta kwa fimbo yangu, niione ikiingia kwenye sanduku. Ikishaondoka kuja kwako ndipo nitarudi niifungue ile. Nataka mara hii moja niwe nimemwandikia mwanangu wakati bado nina mwana wa kumwandikia, na hakuna karatasi yoyote iliyoniambia vinginevyo.

Ukiipata, nijibu kwa mkono wako.

Mama yako